Kilango Kipya cha Moyo

Fundi cherehani alikuwa amezoea kukata vitambaa akiwa amesimama. Sasa alikata amekaa, na bado pumzi zilimwishia. Usiku alilala ameegemea mito. Mumewe, fundi wa magari, alimtania kuwa uzee umemwahi. Siku alipomkuta amekaa katikati ya ngazi akihema, utani ulimwisha. Alimpeleka hospitali.

Daktari aliwaeleza kuwa kilango kimoja cha moyo, yaani vali, kimeharibika. Chanzo kilikuwa homa aliyougua utotoni baada ya kuumwa koo. Kilango kingebadilishwa. Wangeweza kuchagua kigumu cha kiwandani, au laini kilichotengenezwa kwa utando wa ng'ombe.

"Chukua hicho kigumu," mumewe alisema. "Mimi najua vipuri, mke wangu. Funga kinachodumu."

Walikuwa na mtoto mmoja, na mkewe alitamani mwingine. Aliona haya kulisema hilo wakati uhai wenyewe uko mashakani.

Muuguzi wa kliniki ya moyo alimwona anavyosita. Akamuuliza, "Dada, unatarajia kuzaa tena?"

"Natamani," alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi hilo ni la kusema mapema. Kaka hajakosea, kilango kigumu hudumu sana. Lakini kinataka dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Cha ng'ombe kwa kawaida hakihitaji dawa hiyo maisha yote. Ila huchakaa, na kwa kijana huchakaa upesi zaidi. Utapasuliwa tena."

Mume aliuliza kwa nini mtu akubali kupasuliwa mara mbili. Muuguzi alimtazama mgonjwa.

"Kwa sababu kifua ni changu," mkewe alisema taratibu. "Nachagua cha ng'ombe."

Mume aliinamisha kichwa. Kisha akauliza dalili za kilango kuchakaa ni zipi, ili naye aziangalie.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Pumzi zilirudi, na cherehani ikarudi kazini. Daktari alipowaruhusu, mke alishika mimba, akafuatiliwa na kliniki ya moyo na ya wajawazito. Alijifungua binti.

Jioni moja mume alimuuliza kama anaiogopa siku ya kupasuliwa tena.

"Naiogopa," alisema, akimhamishia mtoto kwenye titi la pili. "Ikifika, tutakwenda."