Mwisho Uliolainishwa

Kiteuzi kilimwomba Hidaya aweke kiganja juu ya kioo, naye akaweka. Mwanga wa kijani ulipita chini ya vidole vyake ukipima mapigo ya moyo na joto la ngozi, huku jicho dogo la mashine likimkazia mboni. Ndani ya tumbo la chuma karatasi zikaanza kuvuma. Kabla hajafunga mkoba wake, kitabu kilikwisha toka, kimeshonwa na kutiwa jalada, kingali moto kama mkate wa mofa.

"Utakipenda," kilisema Kiteuzi kwa upole.

"Ndivyo unavyosema kila siku," alijibu Hidaya.

Viteuzi vilikuwa vimeenea Tanga nzima, sokoni, hospitalini na kwenye vituo vya treni za angani. Maduka ya vitabu yalikuwa yamefungwa zamani. Mtu alisema anachotaka, mwili wake ukasema zaidi, na mashine ikamchapia palepale kitabu kinachomfaa. Watu walisoma kuliko zama zozote, na serikali ya mji ilijivunia jambo hilo.

Hidaya Mbonde alikuwa daktari wa meno, na tangu utotoni hakulala bila kusoma. Lakini sasa alikuwa amekwama. Alifungua vitabu, akavifunga. Havikuwa vibaya. Vyote vilikuwa vitamu, tena utamu uleule, kama uji wa sukari anaonyweshwa mtu asubuhi, mchana na jioni. Alipoomba kitu kigeni, Kiteuzi kilimpa hadithi za wachimba madini wa mwezini na za wafalme wa kale, na kote huko watu walikosana kidogo, wakapatana, wakakumbatiana. Alijilaumu mwenyewe. Labda ni umri, aliwaza, labda ladha imekufa.

Asubuhi moja mgonjwa aitwaye Bwana Chamshama aliingia kliniki na kitabu kwapani. Hidaya alilitambua jalada. Kilikuwa *Mkono wa Bati*, riwaya ya Sefu, mdogo wake wa pekee.

"Huyo mwandishi ni ndugu yangu," alisema kwa fahari.

"Basi una ndugu mkali," alisema Chamshama. "Yule dada wa hadithini nimemchukia, daktari, sijapata kumchukia mtu hivyo."

"Unamchukiaje? Si ndiye anayerudi kumuuguza mama yake?"

"Harudi. Anamwachia roboti mlezi. Mama anakata roho ameshika mkono wa mashine, na dada anafika mazishini na miwani ya jua."

Hidaya aliiweka sindano mezani. Mama yao alikufa hivyohivyo. Yeye ndiye aliyemtafutia roboti mlezi. Na ile miwani aliivaa kwa sababu macho yalikuwa yamevimba kwa kulia.

Katika nakala aliyoisoma yeye, dada alirudi wakati wa mvua, akaketi kitandani, na mama akambariki. Hidaya alikuwa amelia kwa faraja. Kisha akamtumia Sefu salamu: "Nimekisoma chote, mdogo wangu. Mwisho wake umenifurahisha mno." Sefu hakujibu. Tangu hapo hakumpigia simu wala kuja kumwona, na Hidaya akaamini kwamba umaarufu umempanda kichwani.

Aliliziba jino la Chamshama bila kutetemeka, maana mikono yake ilikuwa na mazoea. Taya zake mwenyewe ndizo zilizouma kwa kubanwa. Alipomaliza alivua glavu na kwenda moja kwa moja ofisini kwa Mhandisi Mhando, msimamizi wa Viteuzi vyote vya mji.

"Mnabadilisha vitabu," alimwambia kabla ya kukaribishwa kiti.

"Tunalainisha," alisema Mhando. Alikuwa mtu mtulivu, mwenye mazoea ya kueleza. "Msomaji akiumia hufunga kitabu. Akivifunga vitatu, harudi tena. Mashine inajua kidonda cha kila mtu kilipo, basi inapita pembeni. Ulikubali ulipojisajili."

"Nilikubali kuchaguliwa kitabu. Sikukubali kitabu cha mtu kiandikwe upya."

"Daktari, wewe si huwatia wagonjwa ganzi?"

"Nawatia, kisha nang'oa. Nyinyi mnatia ganzi mkaliacha jino lioze."

Mhando alimwonyesha kiti. Hidaya akamwambia, "Nipe alichoandika ndugu yangu."

"Nakala ya asili hatuitunzi. Ikishaingia mashineni huyeyuka humo, ikawa malighafi."

"Na ile ya mgonjwa wangu, Bwana Chamshama, ambamo dada harudi? Ndiyo ya asili?"

"Siwezi kukuhakikishia. Pengine yeye hufurahia kuchukia, basi akapewa mtu wa kumchukia."

Hidaya alimtazama mtu yule aliyeketi kwa amani namna ile, akahisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. "Ndugu yangu alisema nami kwa njia pekee aliyoiweza," alisema polepole. "Wewe ukamziba mdomo, ukanijibu kwa sauti yake. Usiniambie ni huduma."

Alitoka, akapanda treni ya Muheza.

Sefu alifungua mlango, akasimama katikati yake. "Daktari," alisema, kama anayempokea mgeni wa kazini.

Hidaya alimweleza yote palepale kizingitini. Sefu alisikiliza, ameukaza uso.

"Miaka miwili naisoma ile salamu yako," alisema hatimaye. "Mama amekufa peke yake, na dada yangu anasema mwisho umemfurahisha. Nilikuzika, Hidaya."

"Nisomee ulichoandika."

"Utaumia."

"Nisomee."

Walikaa barazani. Sefu alileta rundo la karatasi alizozipiga chapa mwenyewe, akasoma. Dada wa hadithini alimtazama mama yake kila jioni kupitia jicho la roboti, akiwa mezani anakula, ameizima sauti ili mikoromo ya mgonjwa isimharibie chakula.

"Simama hapo," alisema Hidaya. Moyo ulikuwa ukimdunda, na hapakuwa na kioo cha kuupima. "Huo ni uongo. Sikuizima sauti hata siku moja. Mama ndiye aliyekuwa hasemi."

"Mbona hukuja?"

"Niliogopa kumwona. Na wewe ulikuwa wapi? Mwanza, unaandika. Katika kitabu chako chote, yuko wapi mdogo wa huyo dada?"

Sefu alizitazama karatasi mapajani mwake. "Hayumo," alisema.

"Umenidhulumu, Sefu."

"Nawe ulimwacha."

"Nilimwacha, ndiyo. Wewe pia."

Jirani alichungulia juu ya ukuta kuona ni akina nani wanaogombana, akarudi ndani. Hidaya alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akavuta kiti chake karibu na cha mdogo wake.

"Endelea," alisema. "Bado nimekukasirikia, lakini endelea."

Sefu akageuza ukurasa.