Jani la Isale Njia ya Ngarenanyuki

Kama una jenereta inayokusumbua, usiniletee. Najua bado wapo wanaokuelekeza kwa fundi Arnold wa Daraja Mbili. Mwambie anayekuelekeza kwamba Arnold siku hizi anauza mbegu za mboga kata ya Sokon I, na umeme ukikatika anawasha mshumaa. Wateja wananicheka kwa hilo. Waache wacheke, hawajui.

Na si kwamba kazi imekosekana. Tangu biashara ifunguliwe vitu vya nje vinamiminika, na kwa mgao huu wa umeme kila duka la Arusha lina jenereta inanguruma mlangoni. Mpaka Aprili mwaka huu kazi zilikuwa zinanizidi. Siku moja ya Aprili hiyo nilifunga karakana mchana kwa sababu ya Sia.

Sia alikuwa binti yetu, miaka saba. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Madaktari walituambia kwa upole, kisha wakatuazima mashine ya oksijeni tukae nayo nyumbani. Mashine ile ilikuwa inavuta hewa ya kawaida na kumpa mtoto iliyo safi kupitia mpira wa puani, ilimradi kuna umeme. Sia aliomba kitu kimoja tu, kwenda kumwona bibi yake aliyemzaa mke wangu Eunike, kule Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru. Bibi alikuwa amevunjika nyonga, asingeweza kuja.

Nikajiona nina akili kuliko wote. Kulikuwa na Mjerumani mstaafu niliyekuwa namtengenezea mitambo yake, na alipokwenda kwao likizo aliniachia gari lake la kulala. Gari kubwa, lina kitanda, jiko, sinki, na ubavuni lina jenereta yake ndogo ya dizeli. Tukachomeka mashine ya Sia humo. Saa tisa tukaondoka, jenereta inaimba, mtoto amejilaza nyuma na mama yake, anaangalia migomba ya Usa River ikipita dirishani. Mimi nikapiga mluzi kwenye usukani kama mpumbavu.

Tulishamaliza msitu, jua limeshaingia nyuma ya mlima, tulipofika kwenye bonde lenye majani marefu. Mvua ilikuwa imenyesha. Gurudumu la nyuma likazama kwenye tope, gari likainamia ubavu.

Jenereta ikakohoa. Mara mbili, tatu...

Ikazima.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. "Baba Sia," Eunike akaita. "Mashine imezima."

"Mfungulie mtungi."

Tulikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba. Eunike akaufungua, akamvalisha mtoto kifuniko cha usoni, akatazama mshale wa kipimo cha mtungi. "Saa moja na nusu," akasema. "Labda."

Sikuogopa, nakuambia kweli. Jenereta ya dizeli haina siri. Inataka mafuta, inataka hewa, inataka mgandamizo. Kimoja kati ya hivyo kimekosekana, unakitafuta, unakirudisha. Nikavaa ovaroli, nikachukua tochi na spana, nikalala ubavu kwenye tope mbele ya kile kijumba cha jenereta.

Mafuta kwanza. Jenereta ya gari lile inanyonya kutoka tangi la gari lenyewe, na mpira wake ni mfupi makusudi, usije ukamaliza dizeli yote ukabaki porini. Tangi lilikuwa nusu, lakini gari limeinama, mafuta yamekimbilia upande wa pili. Mpira umenyonya upepo. Hilo tu! Nilicheka peke yangu pale chini. Nikachota dizeli kwenye dumu, nikaliweka juu ya tairi la akiba, nikaingiza mpira humo. Nikalegeza nati ya chujio, nikapampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha. Nikalegeza na nati ya nozeli. Dizeli ikatoka safi.

Nikapiga stata. Phu... phu... Moshi mweupe ukatoka. Ilikuwa inashika.

"Inakuja, mama Sia!"

"Fanya haraka, baba."

Nikanyoosha mkono kupiga stata tena, na hapo ndipo nikaona miguu.

Miguu ya mwanamke, pembeni ya kichwa changu, peku. Kila kitu pale kilikuwa tope tupu, mimi mwenyewe nilikuwa tope mpaka masikioni. Ile miguu ilikuwa safi.

Nikainua tochi. Alikuwa mama wa makamo, amejifunika shuka, mgongoni amefunga mtoto mchanga. Mtoto alikuwa ametulia sana. Kichwa kilikuwa kimelalia upande mmoja, hakitikisiki. Na palikuwa na harufu... maziwa ya mama yaliyochacha.

Mikono yake miwili ilikuwa imeshika jani la isale, limefungwa fundo katikati.

Sasa lazima nikueleze, maana wengi hamjui. Sisi Wachaga tukimkosea mtu kosa kubwa, hatuendi na maneno matupu. Tunampelekea jani la isale, ule mmea unaopandwa mipakani na makaburini. Ukiletewa isale unasamehe. Hata kama ni aliyemuua ndugu yako, unasamehe, na kosa hulitaji tena. Nililelewa Machame, mbele ya isale mikono yangu inanyooka yenyewe.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo. "Nimekukosea. Nisamehe."

Nilifikiri ni mwenye shamba la hapo jirani, labda ng'ombe wake ndio walioharibu barabara. Kusema kweli sikufikiri chochote. Nilikuwa na haraka, mwanangu anavuta hewa ya kuhesabu, na mimi nataka tu mama huyu aondoke kwenye mwanga wangu.

Nikalipokea kwa mikono yote miwili yenye grisi, nikalitia mfukoni.

"Nimekusamehe, mama. Nenda kwa amani."

Akashusha pumzi ndefu. Akageuka, akaingia kwenye majani. Majani hayakutikisika.

"Unaongea na nani?" Eunike akauliza kutoka ndani.

"Mama mmoja tu."

Nikapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka... wala moshi haukutoka. Nikapiga tena. Hakuna.

Nikaanza upya. Dizeli ipo, haina mapovu, nozeli inarusha vizuri, niliiona kwa macho yangu. Plagi ya kupasha ilikuwa ya moto mpaka ikaniunguza kidole. Mgandamizo upo. Nikabadilisha waya wa betri, nikapiga mpaka stata ikaanza kunuka.

"Imebaki robo tatu ya saa, baba Sia." Kisha, baada ya muda usiofika hata dakika kumi: "Baba Sia, mshale unashuka haraka. Unashuka nauona."

"Umefunga vizuri?"

"Nimefunga! Hauvuji popote!"

Ikabaki hewa. Nikang'oa kopo la kusafishia hewa, nikabaki na tundu tupu la injini. Fundi yeyote anajua, ukiziba tundu lile kwa kiganja huku injini inazungushwa, lazima likunyonye mpaka ngozi iume. Nikaziba kwa kiganja cha kushoto. Kwa kulia nikapiga stata.

Halikuninyonya.

Lilinipulizia.

Pumzi ya baridi, ndogo, ikagusa kiganja changu. Ikarudi. Ikagusa tena. Niliachia stata, injini ikasimama kabisa, na pumzi ile ikaendelea. Nikasogeza sikio kwenye tundu. Nilisikia mkoromo mdogo, wa chini, wa kifua kilichojaa maji. Miaka miwili nimelala kitanda kimoja na mkoromo ule. Naujua kuliko sauti yangu.

Ulikuwa wa Sia.

Nikapata akili hapo. Nikalichomoa lile jani mfukoni, nikakimbilia kwenye majani marefu, nikalirusha gizani kwa nguvu zangu zote.

"Mama! Chukua kitu chako! Sikusamehe! Unasikia? Sikusamehe!"

Kisha karibu kabisa na shingo yangu, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale...

"Umeshasamehe."

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Nilisikia harufu tu.

Nikarudi mbio. Ndani ya gari Eunike alikuwa amempakata Sia, amemkumbatia na mtungi pamoja. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Nilitaka nimbebe nikimbie naye, nikawaza ni wapi, kwa bibi bado kilomita tisa na mto umejaa. Nikapuliza mdomoni mwake. Nilipuliza, nikapuliza, nikaona kifua kinainuka kwa pumzi yangu, na kikishuka kilikuwa hakirudishi kitu mdomoni mwangu. Pumzi ilikuwa inakwenda mahali pengine. Mikono hii iliyofufua mashine za nusu ya mji ilikuwa imeshika mashavu ya mwanangu na haikuwa na la kufanya. Sijawahi kujidharau kama saa ile.

Sia akanitazama. "Baba," akanong'ona, "mtoto analia."

Hakusema tena.

Mimi na Eunike tulikisikia wote wawili. Kule nje, kwenye majani, kitoto kichanga kililia. Kilio cha kwanza, kile cha hasira, cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi na mapafu mazima.

Na jenereta ikawaka.

Sikuigusa. Iliwaka yenyewe, bila kukohoa, taa zote za gari zikawaka, mashine ya oksijeni ikaanza kuvuta na kupuliza pembeni ya kitanda. Tulikaa kwenye mwanga ule mpaka asubuhi. Nilikwenda kuizima, nikabonyeza, nikachomoa mpira wa mafuta. Ikaendelea kunguruma mpaka jua lilipotoka.

Mzee Elirehema, mjomba wake Eunike, ndiye aliyekuja na trekta kututoa, maana walitungoja usiku kucha. Tulimfunika Sia, tukampakia. Mzee alinivuta pembeni.

"Alikuja mama?"

"Shikamoo mzee... ndiyo. Alikuja."

"Na isale?"

Nikatingisha kichwa kukubali.

"Hata sisi Wameru isale tunaiheshimu, mwanangu. Lakini hapa bondeni akikutolea unamuuliza kwanza, umenikosea nini? Hawezi kusema, maana bado hajakukosea. Anasimama pale mpaka anachoka, anaondoka." Akatema mate pembeni. "Mgeni anapokea tu."

"Ni nani?"

"Wengine wanasema alifiwa na mtoto mgongoni akimpeleka hospitali kwa miguu, enzi hizo hakuna gari. Wengine wanasema hajawahi kuwa mtu. Mimi nimemwona mara moja nikiwa kijana. Mtoto wake alikuwa amekufa siku ile. Kama jana amelia, atahitaji tena, pumzi ya kuazima haidumu."

Eunike sikumwambia. Tulimzika Sia kwa bibi yake, tukarudi Daraja Mbili, nikagawa spana zangu zote. Miezi mitano nimelala na jambo hilo kifuani. Nikashindwa. Jumamosi nilikwenda Machame, nikakata isale kwenye kaburi la babu, nikalifunga fundo. Jana jioni nilipiga magoti mbele ya mke wangu, nikamwambia yote, yule mama, lile jani, mikono yangu ilivyonyooka. Kisha nikamtolea.

"Mama Sia, nimekukosea. Nisamehe."

Alisikiliza mpaka mwisho bila chozi. Naye anajua isale haikataliwi. Lakini mikono yake hakuinyoosha. Aliiweka yote miwili juu ya tumbo lake, maana ana mimba ya miezi minane, akarudi nyuma hatua moja mpaka akagusa ukuta.

"Unaomba msamaha wa Sia," akauliza taratibu, kama wanavyouliza bondeni kwao, "au wa huyu?"

Nilifungua mdomo kusema, wa Sia. Neno halikutoka.