Ulimi wa Devota

Nina miaka arobaini na nne, mjane, mpika komoni, pombe yetu ya kienyeji, hapa Majengo, Songea. Nawaandikia kutoka kwenye nyumba ambayo sasa nikikohoa hakuna wa kuniambia pole...

Nilikuwa na watu wawili tu: binti yangu Devota, na jirani yangu Mama Kasiani. Mimi na yeye tulipika pombe kwa zamu, tukiazimana mapipa na kimea. Tulikuwa zaidi ya ndugu!

Komoni yangu ilisifika kwa sababu ya Devota. Tangu ana miaka tisa yeye ndiye aliyeionja. Akikunja uso, bado. Akitabasamu, wateja waje! Kwetu hiyo ilikuwa kazi ya nyumbani, kama kufagia.

Kisha serikali ikakaza kamba. Gari la matangazo likapita mitaani: marufuku kumpa pombe aliye chini ya miaka kumi na minane, kilabu kitafungwa. Nikashangilia kuliko wote!

Jioni moja nikamkuta Devota nyuma ya kilabu cha Mama Kasiani, kalewa chakari, sare ya shule imejaa matapishi. Moyo ulinipasuka! Rafiki gani huyu? Hata sikumuuliza. Asubuhi nikaenda kumshtaki kwa mtendaji wa kata.

Kilabu chake kikafungwa. Tukaitwa ofisini, majirani wamejaa hadi mlangoni. Mama Kasiani akalia, akaapa kwamba hajamuuzia, mtoto alikuwa akinyemelea mabaki ya wateja. Nikamwita mwongo mbele za watu.

Mtendaji akamgeukia binti yangu taratibu. "Mwanangu, nani alianza kukupa pombe?"

Devota akainama. "Mama. Mimi ndiye muonjaji wake."

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze...

Kilabu changu nacho kikafungwa. Devota aliomba mwenyewe kwenda kuishi na bibi yake kijijini Hanga. Nikipiga simu ananiambia shikamoo, kisha anampa bibi. Mama Kasiani tunapishana kisimani, hanitazami. Nimemwomba radhi mara ngapi? Namwelewa.

Wapika pombe wenzangu, nawasihi, onjeni wenyewe! Tangazo lile msidhani ni la jirani. Mtoto aonje chumvi ya mboga tu, basi.

Juzi nilikuwa napika maharage. Nikachota mchuzi kidogo, nikaita kwa mazoea, "Devota, njoo uonje!"

Nikasimama na kijiko mkononi hadi kikapoa... Nikaonja mwenyewe.