Kiini Kisicho na Milango

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jovitha alimsaidia mama yake kutoa mabeseni na sufuria na kuvipanga mbele ya duka lao, mtaa wa pili kutoka barabara ya Msimbazi, Kariakoo. Zamani kazi hiyo aliifanya na baba, wakitaniana mpaka wateja wa kwanza wafike. Baba alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita. Walimzika kijijini kwao, Rombo, na Jovitha hakutoa hata chozi. Watu walimsifu kuwa ni mtoto jasiri, kumbe wala. Alikuwa amekufa ganzi tu, na ganzi yenyewe haikuisha.

"Umekunywa chai?" mama yake, Candida, aliuliza.

"Nimekunywa."

Hakuwa amekunywa. Siku hizo Jovitha aligundua kwamba ukisema umeshafanya jambo, watu wanakuacha.

Alikuwa kidato cha kwanza katika shule moja ya Ilala. Jumamosi hiyo wazazi wangekuja kuona maonyesho ya sayansi, na Mwalimu Hashimu wa baiolojia aliagiza maelezo yote yatolewe kwa Kiswahili ili kila mzazi aelewe. Jovitha na rafiki yake Shamsa walitengeneza mfano wa seli. Beseni kubwa la bluu ndilo lilikuwa seli yenyewe. Pamba iliyojazwa ndani ilikuwa saitoplazimu, yaani ule ute unaokizunguka kiini. Mpira wa tenisi ulikuwa kiini, na shanga zilikuwa protini. Shamsa ndiye angezungumza. Jovitha alipewa karatasi asome jinsi protini zinavyoingia na kutoka kwenye kiini, kisha amfundishe mwenzake.

"Jovi, umesoma ile ya protini?" Shamsa alimuuliza Jumatano.

"Nimesoma."

"Haya, niambie. Zinaingiaje?"

Karatasi ilikuwa bado begini, haijafunguliwa. "Zinatoboa ukuta wa kiini," Jovitha alisema. "Zikishaingia, ukuta unajiziba."

"Kama kidonda kinavyopona?"

"Eeh, hivyo hivyo."

Shamsa aliandika yote kwenye daftari lake, kwa mwandiko mzuri, na jioni akayakariri.

Siku ya pili walifanya mazoezi ya maonyesho mbele ya darasa. Shamsa alisimama wima, akaeleza bila kusita kwamba protini hutengenezwa kwenye saitoplazimu, na zile zenye kazi ndani ya kiini hutoboa ukuta na kupita.

Mwalimu Hashimu alikunja uso. "Kiini kitobolewe hovyo namna hiyo, seli itabaki salama?"

"Protini zina drili, mwalimu!" Hillary alipaza sauti kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

"Nani amekufundisha hayo, Shamsa?"

Shamsa alimtazama Jovitha mara moja, kisha akaangalia sakafu. "Nilisoma vibaya, mwalimu."

"Karatasi mmekaa nayo wiki mbili nzima. Kama hamkusoma, meza yenu ya Jumamosi nitawapa kina Hillary."

Wakati wa mapumziko Jovitha alimkuta Shamsa bombani akinawa uso, macho mekundu. Shamsa hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Ulisoma kweli?" na kabla ya kujibiwa akafunga bomba na kuondoka.

Jovitha alibaki pale akisubiri aone aibu, au huruma, au chochote. Hakuna kilichokuja. Alijua kwa akili tu, kama mtu anavyojua jibu la hesabu, kwamba Shamsa ameonewa na kwamba aliyemwonea ni yeye. Akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Shamsa hana kosa. Mimi ndiye nilipewa karatasi. Sikusoma. Yale maneno niliyatunga."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Kwa nini?"

"Nilitaka tu asiniulize tena." Aliendelea kwa sauti ile ile. "Tangu baba afariki, mwalimu, sisikii kitu moyoni. Hata sasa hivi. Najua nimekosa, lakini sisikii."

Mwalimu Hashimu alimsogezea kiti. Hakumpa pole ya haraka haraka. "Kesho asubuhi utayasema haya mbele ya darasa, ya Shamsa na karatasi," alisema. "Ya baba yako ni yako, ukipenda utamwambia mama. Meza bado ni yenu, mkiwa tayari."

Ijumaa aliyasema mbele ya darasa. Hillary hakucheka. Shamsa alikaa mbali naye mpaka kengele ya kutoka, kisha akamfuata getini. "Leta hiyo karatasi," alisema.

Walisoma dukani, wamekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa. Waligundua kwamba ukuta wa kiini una matundu mengi, na kila tundu lina ulinzi kama mlango. Vitu vidogo hupita vyenyewe. Protini kubwa haipiti hivi hivi. Inatakiwa iwe na alama yake, na kuna protini nyingine, mbebaji, anayeitambua alama hiyo, akaishika na kuivusha.

"Sasa mpira wetu hauna hata tundu moja!" Shamsa alisema.

Mama yake Jovitha aliwasikia. Aliwapeleka mtaa wa Gerezani kwa Mzee Sadalla, fundi viatu, naye akautoboa ule mpira pande zote kwa chuma chake cha kutobolea ngozi. Shanga kubwa walizifunga uzi mwekundu kuwa alama.

Jumamosi meza yao ilijaa watu. Shamsa alieleza, Jovitha akazipitisha shanga.

"Huyo mbebaji akishaingia, anabaki humo humo?" mama mmoja aliuliza.

"Hapana, mama. Anaiachia protini ndani, halafu anarudi nje kubeba nyingine," Jovitha alijibu. "Na zipo protini zenye alama ya kutokea. Hizo hutolewa nje."

"Kwa dakika moja zinapita ngapi?"

Jovitha alikaribia kutunga namba, akajizuia. "Hiyo sijui, mama. Nitamuuliza mwalimu."

Wazazi walipotawanyika, Mwalimu Hashimu alikuja kuwasaidia kubeba beseni. Mama yake Jovitha alikuwa amesimama kando. Jovitha alikuwa amemweleza yote asubuhi ile.

"Shamsa, siku nyingine usibebe kosa la mwenzako ukanyamaza. Unamficha, humsaidii," mwalimu alisema. "Na wewe Jovitha, kusema 'sijui' si aibu. Aibu ni kumpa mwenzako uongo akausimamie. Juzi ulikuja ofisini bila kusikia kitu moyoni, ukasema kweli. Endelea hivyo hivyo. Usisubiri moyo uamke ndipo ufanye haki. Fanya haki, moyo utaamka kwa wakati wake."

Jovitha aliitikia kwa kichwa. Mama yake akamshika bega, na safari hii alisikia kwamba mkono ule ulikuwa na joto.