Muhuri Wangu Ulimfanya Ndugu Yangu Mwongo

Nina miaka arobaini na minne. Ni mjane mara moja na mtalaka mara moja, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni kukaanga samaki hapa Msambweni. Niiteni Mwanasiti. Sina haja ya kujificha sana, maana aibu yangu ilikwisha kutajwa mbele ya watu, na aliyeitaja ni mimi mwenyewe.

Siandiki ili nionewe huruma. Huruma wapeni wengine! Mimi nataka mnisikilize tu mpaka mwisho, kisha mnitukane mkitaka.

Wazazi wetu walitangulia mbele ya haki tukiwa wadogo. Nikabaki na mdogo wangu Bakari, ndugu yangu wa tumbo moja. Nilimbeba mgongoni, nikamlea, nikamwozesha. Akawa mvuvi wa nyavu. Na mume wangu wa kwanza alipofariki, Bakari ndiye aliyetulisha mimi na wanangu miaka minane, bila kunikumbusha hata siku moja kwamba ananilisha. Sikuwa na mtu mwingine wa kumtegemea duniani. Shikeni hilo, maana huyo ndiye niliyemtupa.

Sisi wanawake wa karai la mafuta huku tunaitwa mama karanga. Tunanunua samaki wadogo wadogo kwa wavuvi, tafi, chaa, changu, tunakaanga na kuuza kando ya njia. Tulikuwa na kikundi chetu, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilimaliza darasa la nane na nina mdomo. Muhuri wa kikundi ulikaa kabatini kwangu, chini ya kanga zangu za sikukuu.

Kisha serikali ikaruhusu meli kubwa ya kukokota wavu ivue kamba upande wetu wa bahari.

Bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, alikuja kutueleza. Alisema kweli, sitamsingizia. Alisema wavu wa namna ile hauchagui. Unatafuta kamba, lakini unazoa kila kilichoko chini, wakubwa kwa wachanga. Zamani meli zilichukua kamba zao na wengine wote wakarudishwa majini wameshakufa. Sasa leseni ina sharti... samaki hao wasitupwe! Waletwe nchi kavu, wenyeji wauziwe kwa bei ya chini, na kikundi cha mama karanga kipige muhuri kila wiki kuthibitisha kwamba wamepokelewa. Tulipiga vigelegele siku ile mpaka makoo yakakauka.

Meli ilikuwa na wakala wake wa huku nchi kavu. Aliitwa Sudi. Mtu wa makamo, kanzu imepigwa pasi, udi unanukia kabla hajafika. Alijua adabu. Alianza kwa wazee, shikamoo huku, mkono kule, hali za watoto, hali za mifugo. Kwangu alikuja kununua samaki wa kukaanga, akala, akasema mkono wangu una baraka. Akaja kesho yake. Akaja kesho kutwa.

Mjane wa miaka minane! Msinicheke. Aliniambia mkewe alifariki na hana wa kumpikia. Baada ya mwezi alipeleka posa kwa ami yangu.

Bakari hakupendezwa. Aliniuliza kwa upole tu, imekuwaje wakala wa meli atoke kwao aje achumbie mwanamke wa karai, na katika wanawake wote wa karai amwone mwenyekiti peke yake? Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ana wivu, anataka nizeeke nikimngojea yeye na samaki wake.  Nikaolewa.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipoingia mtegoni kwa miguu yangu.

Kila Ijumaa baada ya sala Sudi alinijia na beseni la samaki lililofunikwa gunia bichi. Alisema ni kitoweo kutoka melini, tugawane akina mama. Na sisi watu wa pwani mnatujua. Mtu akikuletea kitoweo unasema ahsante, Mungu akuzidishie. Humpimii. Humuulizi wamebaki wangapi chomboni. Kufanya hivyo ni kukosa haya. Basi nikapokea, nikagawa, na pamoja na beseni ilikuja karatasi. Juu yake imeandikwa kwamba sisi kikundi fulani tumepokea samaki wote wasiokuwa kamba waliovuliwa wiki hiyo. Pahali pa kuandika kiasi palikuwa patupu. Sudi alisema hayo ni mambo ya ofisi, atajaza mwenyewe.

Nilijua kusoma, ndugu zangu. Niliyasoma maneno yale. Tumepokea. Samaki wote. Nikatazama beseni, nikatazama uso wa mume wangu, nikapiga muhuri. Wiki baada ya wiki!

Miezi ikaenda. Wavuvi wetu wakaanza kurudi na mashua nyepesi. Waliokuwa wakileta makapu wakaleta mtungo mmoja mkononi, samaki watano tu. Akina mama wakaja kwangu kunung'unika... mwenyekiti, samaki wa meli ni beseni hilo hilo moja? Nikawaambia wasiwe na tamaa. Nikawaambia msimu ni mbaya. Maneno yale nilipewa na Sudi kitandani, nami niliyatoa asubuhi kana kwamba ni yangu.

Bakari akaanza kusema wazi kwamba meli inamwaga samaki. Amewaona kwa macho yake. Akasema tena na tena mpaka ofisi ikaitisha kikao, asubuhi, ukumbini, wavuvi upande mmoja na wakubwa upande mwingine. Mimi nilikaa safu ya mbele kando ya mume wangu, nimejifunga leso mpya.

Bakari alisimama akasema. Si msemaji, maskini, hushikwa na kigugumizi mbele ya watu. Alisema kila siku wanamwaga. Wachanga, wenye mayai, wote. Alisema bahari inakufa na sisi tunatazama.

Bwana samaki akamsikiliza, kisha akafungua faili. Akasoma wiki ya kwanza, samaki wote wamepokelewa nchi kavu, muhuri upo. Wiki ya pili, muhuri upo. Akasoma mpaka mwisho, miezi saba. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Bwana Bakari, unataka kutuambia dada yako ni mwongo?"

Ukumbi ukacheka. Walicheka, wallahi! Bakari alinigeukia. Aliningojea niseme neno moja. Moja tu! Nami nikainamisha uso nikanyoosha ncha ya leso yangu.

Akasema, "Basi mimi ndiye mwongo," akakaa.

Wakamvua uanachama wa kamati ya wavuvi wa bandari yetu. Wakamzuia kuuza samaki pwani kwa kuchafua jina la watu na kuchochea wenzake. Mtu aliyevua pale tangu ana miaka kumi na mitano! Nami nilirudi nyumbani nikapika pilau, kwa sababu mume wangu alisema siku ile imekuwa nzuri.

Baada ya wiki mbili wifi yangu Mwanajuma, mke wa Bakari, alinijia. Hakukaa. Nilimkaribisha akakataa hata maji. Aliniambia Bakari amekwenda Diani kubeba saruji kwenye majengo ya watu, na kila jioni anarudi na mgongo umechubuka. Akasema hakuja kuomba kitu, ana swali moja.

"Wifi, hao samaki uliwaona?"

Nikainama nikachochea moto wa karai.  Akajifunika buibui lake akaenda zake.

Swali dogo, watu wangu. Mtoto angeweza kuniuliza. Kwa nini sikuwahi kujiuliza mwenyewe? Nilijua jibu, ndiyo sababu!

Jumamosi iliyofuata Sudi alikuwa kwao Kilifi. Nikaenda kwa Bakari alfajiri nikamwambia nataka anipeleke baharini nikaione hiyo meli.  Alichukua mashine ya mashua akaitia begani, nikamfuata nyuma. Njia nzima hakunisemesha. Nilitapika, akanipa kata ya maji. Mimi niliyekuwa mama karanga kwa miaka ishirini sikuwahi kuvuka mwamba kwenda mbali namna ile.

Tulipoikaribia meli akazima mashine. Wakati ule walikuwa wakipandisha wavu. Ukafunguliwa juu ya sitaha, wanaume wakainama kuchambua kamba, upesi upesi, na baada yao wakaja wengine na mabeleshi. Wakaanza kusukuma. Waliwasukuma baharini kama mtu anayesafisha zizi la ng'ombe. Beleshi, beleshi, beleshi... Nyuma ya meli maji yalikuwa meupe kwa matumbo ya samaki, na ndege wameshuka juu yao.

Samaki wengine walikuwa bado wanafungua midomo. Nilitia mkono nikamtoa tafi urefu wa kidole changu. Nikamtoa chaa, tumbo limejaa mayai. Nikamtoa samaki taa mchanga, laini, angefunikwa na kiganja. Subhanallah! Chakula cha mji mzima kilikuwa kinaelea pale, na makaratasi ya ofisini yanasema mimi nimekipokea chote.

Nililia. Bakari alitazama upande mwingine mpaka nilipomaliza, kisha akawasha mashine tukarudi.

Sudi aliporudi nilimwambia sipigi muhuri tena. Nilidhani atakana. Hakukana! Alicheka, akaniambia kule melini hakuna nafasi ya barafu kwa takataka, kamba ndio wenye bei, na hakuna meli duniani inayolisha vijiji. Nikamuuliza, na mimi je? Ndoa yetu je? Akanijibu akiwa anakunywa chai yangu:

"Mke ninaye Kilifi, mzima. Huku nilikuwa nahitaji mwenyekiti."

Nimeyaandika maneno hayo jinsi yalivyo. Mwanamke yeyote anayesoma hapa ajiulize angefanya nini. Mimi nilikwenda kabatini nikautoa muhuri nikautia ndani ya sidiria, na usingizi ukanipaa siku tatu.

Nilikwenda ofisini kwa bwana samaki. Nikamweleza yote. Alivua miwani akaiweka mezani. Akasema mama, ukisema hivyo unajishtaki mwenyewe, umetia muhuri jambo la uongo mara nyingi, ni kosa. Akasema faili imefungwa, nirudi nyumbani nikapatane na mume wangu. Nikamuuliza kama yeye aliwahi kupanda ile meli hata siku moja. Akasema hana chombo cha kumfikisha kule, na makaratasi yalikuwa yanakuja sawasawa kila wiki.

Sheria nzuri kabisa, ndugu zangu, iliandikwa na watu wenye akili, na mlinzi wake alikuwa karai langu! Wao wamekaa ofisini wanasubiri muhuri wa mwanamke aliyetiwa kiwi na udi. Hasira niliyotoka nayo pale bado sijaimaliza.

Kilipokuja kikao cha kuongeza leseni ya meli, watu walijaa mpaka nje. Sudi alikuwa mbele, kanzu nyeupe. Walipouliza kama kuna mwenye la kusema, nikasimama.

"Muhuri ni wangu. Samaki sikuwapokea. Ndugu yangu alisema kweli, mwongo ni mimi."

Nikaeleza beseni, nikaeleza karatasi tupu, nikaeleza mabeleshi. Sikuficha kitu. Sudi akainuka akanipa talaka tatu pale pale mbele ya watu. Nikamwambia ahsante. Akina mama wenzangu walinizomea, mmoja akanitemea mate kwenye leso, na haki yao! Niliwanyima watoto wao chakula kwa miezi saba nikiwaambia wana tamaa. Walinivua uenyekiti kabla jua halijapinda.

Leseni haikuongezwa. Walisema inasimamishwa mpaka wawekwe waangalizi wa kupanda melini wenyewe. Bakari alirudishiwa nafasi yake na ruhusa yake. Lakini kwangu hakuja. Nilimwona pwani, nikamsalimia, akaitikia kama anavyomwitikia mpita njia.

Mwezi uliopita niliitwa kituo cha polisi kuandikisha taarifa juu ya ile mihuri. Ami yangu alinishauri nijifanye mgonjwa. Nikavaa buibui langu nikatoka. Nilipofungua mlango nilimkuta Bakari amesimama kwenye kijia, viatu amevaa, shati la Idi amevaa. Hakunisalimia. Akaanza kutembea, nami nikatembea kando yake.

Pale mezani askari aliniuliza nimekuja na nani. Kabla sijajibu, Bakari akasogea mbele yangu.

"Mimi ni ndugu yake," akasema. "Andika na jina langu."

Alishikwa na kigugumizi, lakini alilisema.

Wasomaji wangu, wanawake wenzangu wa pwani hasa, hamtaambiwa mara mbili. Mkiletewa karatasi yenye pahali patupu, msiitie mkono wala muhuri, hata kama aliyeileta ni mume wako, na hata awe amekuletea kitoweo gani. Ulizeni wangapi. Ulizeni wako wapi. Na mkiambiwa hizo ni kazi za ofisi, kwendeni mkaone kwa macho yenu, hata kama mtatapika njia nzima. Ile haya ya kuuliza niliyokuwa nayo mimi iliua bahari miezi saba na ikamgharimu ndugu yangu jina lake.

Kesi yangu bado haijakwisha. Naambiwa huenda nikatozwa faini, naambiwa huenda nikafungwa. Sawa! Wakiniita nitakwenda, na nikiulizwa nitasema vile vile nilivyosema ukumbini, neno kwa neno, mpaka wachoke kuniuliza.