Mchoyo, Chukua Chako

Shemeji yangu Otilia alikuwa mlangoni kwake asubuhi ile, anapigapiga tortilla za kuuza, ile mikate myembamba ya mahindi, kama kawaida. Kikaango cha udongo kiko juu ya kuni, na moshi unatutoa machozi sote bila msiba. Mimi nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, nakula ya bure. Ndiyo faida pekee niliyoipata kwa kumwoa dada yake, na nasema hivyo dada yake akiwa mbali.

Akaja Doña Tránsito na kikapu chake. Akasimama, akanyoosha shingo, akaangalia mikono ya Otilia.

"Lo, nimesahau kitu nyumbani," akasema.

"Umesahau nini, Doña Tránsito?" nikamwuliza.

"Nimesahau kwamba leo tuna mkate."

Akaondoka mbio mbio. Otilia hakuinua hata macho. Aliigeuza tortilla kikaangoni kwa ncha za vidole, akaipanga juu ya nyingine, na lile rundo likabaki pale mpaka likapoa. Jana yake pia lilipoa. Kuku wetu mwaka ule walinenepa kuliko padri.

Tatizo lilikuwa chunjua, vile vinundu vigumu vya ngozi. Kwetu, upande huu wa joto wa Guatemala, hatuziiti chunjua, neno hilo ni la zahanati. Sisi tunaziita wachoyo, kwa sababu zikishika mahali hazitoki. Zilianza na moja kwenye kidole gumba cha kulia, ndogo kama punje ya mtama. Zikaenda kiganjani, zikavukia mkono wa pili, zikajipanga kwenye viungo vya vidole kama watu kwenye foleni ya maji. Na kila mtu anajua wachoyo wanaambukiza. Nani atakula chakula kilichopigwa makofi na mikono ile?

Nesi wa zahanati alimwambia ni virusi, asizikate, asichangie taulo na mtu, avumilie, mara nyingi zinaondoka zenyewe. Ushauri mzuri kabisa kwa mtu mwenye mshahara. Otilia alikuwa na mikono tu. Kwa mikono hiyo alijilisha yeye na mama yake, Bibi Eulogia, kipofu, hana jino hata moja, ambaye hakubali kulishwa na mtu mwingine. Benigna mke wangu alijaribu kumlisha siku moja, bibi akaufunga mdomo kama mlango wa benki.

Basi tukahangaika. Tulipaka utomvu wa mtini. Tulifunga vitunguu saumu, mpaka mbwa wakawa wanampisha njia. Tulibandika maganda ya ndizi kwa plasta. Mzee mmoja akatwambia tufunge kila chunjua kwa unywele wa mkia wa farasi. Farasi ndiye hakuambiwa, na mpaka leo nikiinama paja linanikumbusha. Tulitupa chumvi motoni tukakimbia ili tusisikie ikipasuka. Tulisugua maharage juu ya chunjua, tukayafunga kitambaani, tukayaacha njia panda ili atakayeyaokota azichukue. Kesho yake kitambaa tulikikuta mlangoni petu, kimekunjwa vizuri. Majirani zetu si wajinga.

Mwaka ukaisha hivyo. Mtu huchoka. Otilia alifika mahali ambapo ukimtajia dawa mpya ananyoosha mikono bila kuuliza ni nini, anaangalia pembeni, kama ng'ombe anayechanjwa.

Ndipo akafa Don Abundio.

Jina lake lina maana ya wingi na neema. Wazazi wana utani mbaya. Don Abundio ndiye alikuwa mwenye mashine ya kusaga mahindi, na mji mzima ulipeleka kwake mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa. Unga mbichi ulionasa ndani ya mashine alikuwa haurudishi. Ukigeuza mgongo tu, anaingiza kijiti, kwaruu, kwaruu, anaukwangua, anauweka kwenye bakuli lake. Mkono wa birika ule! Akiwa hai hatukumwita Don Abundio. Tulimwita Mchoyo, naye aliitika.

Msibani kwake, alasiri, mvua ikipiga mabati, wanawe waligawa mkate uliokatwa mwembamba hata ungeweza kusoma gazeti kupitia hapo. Doña Cleofas, mama anayeongoza sala kwenye misiba yote ya mji, akamvuta Otilia kando. Nilikuwa karibu. Nilisikia.

"Mwanangu, mikono hiyo bado?"

"Bado, Doña Cleofas."

"Mkono wa maiti huziondoa. Nenda ujisugue nao, useme: marehemu, chukua chunjua hizi uende nazo." Akamshika kiwiko. "Sema chunjua. Usiseme lile neno letu. Huyu naye tulimwita hivyo. Atadhani unamwita."

Otilia akasogea kwenye jeneza. Mimi nikasimama mbele yake kuwaziba watu macho, kazi ambayo Mungu alinipa tumbo kwa ajili yake. Nikamsikia akipumua. Nikasikia ngozi ikisugua ngozi, sauti kavu, kama karatasi. Aliniambia baadaye kwamba mkono ule ulikuwa baridi lakini haukuwa mgumu. Ulimi ukamponyoka ukafuata mazoea yake.

"Mchoyo," akanong'ona, "chukua chako."

Doña Cleofas aliacha sala katikati. "Umesemaje?"

"Kama ulivyoniambia."

"Hapana, mwanangu. Hukusema hivyo."

Alijifunika mtandio wake, akaenda nyumbani kwenye mvua, na sala ikabaki bila mtu wa kuimalizia.

Kabla siku za maombolezo hazijaisha, chunjua zilitoweka. Hazikudondoka wala kukauka. Otilia aliamka hazipo. Ngozi safi, laini, bila kovu. Benigna alilia kwa furaha. Mimi nilicheza uani mpaka mgongo ukakataa. Doña Tránsito akarudi, amesahau kabisa habari za mkate. Rundo la tortilla likawa haliwahi kupoa.

Wiki kadhaa tuliishi hivyo. Nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka usingizi mzuri.

Halafu adhuhuri moja nikaona kitu. Otilia alikuwa anaongea na mimi, ameegemea. Nikasikia harufu ya tortilla inayoungua. Kiganja chake chote kilikuwa juu ya kikaango cha moto.

"Shemeji! Mkono!"

Akautazama. Akauinua taratibu. Haukuungua. Haukuwa hata mwekundu.

"Sikusikia joto," akasema.

Nikamshika mkono, nikaugeuza kwenye mwanga. Haukuwa na mistari. Kiganja kitupu, vidole vitupu, laini kama upande wa ndani wa ganda la yai. Nikatoa mzaha, sikumbuki upi. Hatukucheka.

Tortilla zikaanza kupungua ukubwa. Mwanzoni wateja walidhani ni ujanja. "Otilia, hii ni ya kula au ya kuweka kwenye pete?" akauliza Doña Tránsito. Otilia aliapa kwamba anachukua donge lilelile. Na kweli, nilimwona akilichukua. Ila vidole vilikuwa vinabana, vinabakiza. Jioni akikunjua ngumi anakuta unga umejificha kiganjani, umekuwa mgumu, naye hajui umefikaje.

Kisha mikono ikaacha kuachia.

Alimpa mteja tortilla zake zimefungwa kitambaani. Mteja akavuta. Otilia akavuta. Watu wakacheka, wakadhani ni mchezo wetu, kwa sababu nilikuwa hapo na popote nilipo watu hudhani ni mchezo. Lakini mimi niliuona uso wake.

"Siwezi," akaninong'oneza. "Naviambia vidole viachie. Havinisikii."

Tulivibandua kimoja kimoja, kama unavyobandua konokono ukutani. Vilikuwa na nguvu. Shemeji yangu ni mwanamke mdogo. Nguvu ile haikuwa yake.

Siku iliyofuata aliita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikaingia ndani. Bibi Eulogia alikuwa kwenye kiti chake, mdomo wazi, anasubiri. Otilia amepiga magoti mbele yake, kipande cha tortilla na maharage kiko mkononi, karibu kabisa na mdomo wa mama yake. Hakifiki. Bibi akisogeza kichwa, mkono unarudi nyuma. Akisogeza tena, unarudi tena. Otilia analia kimya kimya ili mama asisikie.

"Otilia," akasema bibi. "Mbona unaninyima?"

"Sikunyimi, mama."

"Basi ni nani huyu anayeninyima?"

Alikuwa hajala tangu jana. Nikajaribu mimi. Akafunga mdomo. Akajaribu Benigna. Akafunga mdomo. Aliutaka mkono wa Otilia, mkono aliouzaa mwenyewe. Na mkono ule ulikuwa umekunjwa kifuani, chakula ndani, umekibana mpaka maharage yanatoka katikati ya vidole.

Tukaenda kwa Doña Cleofas. Alikuwa anatusubiri mlangoni, mtandio begani.

"Ulimwambia achukue chake," akasema. "Hukumwambia kipi. Mtu yule unadhani kipi si chake?"

"Tufanyeje?"

"Mdai. Hakuna mwingine wa kumdai."

Tulifika makaburini jua likiwa utosini. Hakuna mtu. Hakuna upepo. Kaburi la Don Abundio limejengwa juu ya ardhi kama yalivyo mengine, lakini wanawe walibania saruji hata pale, mfuniko umepakwa nyembamba kama siagi ya maskini. Otilia akapiga magoti. Ngumi zake mbili akaziweka juu ya mfuniko.

"Don Abundio. Nilikosea maneno. Nirudishie vyangu."

Ngumi hazikufunguka.

"Vitaje," akanong'ona Doña Cleofas. "Safari hii vitaje."

Shemeji yangu akainamisha kichwa. Mwaka mzima alikuwa amesugua, amefunga, amechoma, amelia. Sasa akaanza kuziomba. "Nirudishie chunjua zangu. Ile ya kidole gumba. Zile za kiganjani. Zote. Nirudishie na mikono yangu nimlishe mama."

Tukasubiri.

Kwaruu.

Nilidhani ni mjusi.

Kwaruu. Kwaruu. Ilitoka ndani. Taratibu. Kama mtu anayekwangua chini ya bakuli na hataki kuacha hata chembe.

Otilia akapiga kelele. Ngumi ya kulia ilikuwa inafunguka. Kidole kimoja. Kingine. Na kwenye ngozi ile laini chunjua zikaanza kuinuka, mbele ya macho yetu, kama uji unapoanza kuchemka. Akaubusu mkono ule. Aliubusu, mbaya ulivyo, huku anacheka na kulia.

Halafu tukautazama wa kushoto.

Umefumbwa.

"Na huu?" akasema kwa sauti ndogo. "Don Abundio, na huu?"

Tulikaa pale mpaka vivuli vikageukia upande wa pili. Mle ndani hapakusikika tena kitu.

"Mtu yule," nikasema, "tangu lini akarudisha vyote?"

Safari hii haukuwa mzaha.

Jioni ile Bibi Eulogia alikula. Alikula kwa mkono wa kulia wa binti yake, na chunjua zake zote, akauramba mpaka vidole. "Huyu ndiye wewe," akamwambia. Otilia akaketi sakafuni, akaegemea magoti ya mama yake, akalala hapohapo kama mtoto.

Tortilla hapigi tena. Kazi ile inahitaji viganja viwili. Siku hizi anakaa na bibi, na Benigna ndiye anayesimama mlangoni na kikaango, nami nalipia ninachokula. Ngumi ya kushoto Otilia huificha ndani ya aproni. Daktari wa mjini alijaribu kuifungua, akashindwa, akasema ni mishipa. Sawa. Iwe mishipa.

Siku ya Watakatifu Wote ilipofika, mji mzima ulitoka kwenda kupaka rangi makaburi ya wafu wao. Otilia alisema amechoka, akabaki na bibi. Wana wa Don Abundio walikuwa wamepata rangi ya kijani iliyobaki kwa fundi fulani, kijani cha chura, hakuna mwingine aliyekuwa nayo makaburini. Mkubwa wao akaniita.

"Njoo uone, wewe mcheshi. Nani ametufanyia utani huu?"

Nikaenda. Kwenye mfuniko kulikuwa na alama ya mkono. Nimeziona alama nyingi kwenye saruji, watoto hawaachi kitu. Lakini alama hizo huzama. Hii ilikuwa imetuna. Imesukumwa kutoka chini. Mkono wa kushoto, mdogo, wa mwanamke, na mistari yote ya kiganja ipo.

Niliugusa. Ulikuwa na joto, na si joto la jua.

"Paka tu rangi," nikamwambia. Akachovya brashi, akapaka, mara mbili, mpaka katikati ya vidole.

Nikarudi nyumbani moja kwa moja. Sikusalimia mtu njiani. Nilimkuta Otilia uani, ameinama kwenye karai la maji, miguu mitupu, nywele hajachana. Benigna aliniapia kwamba hakuwa ametoka nje ya lango tangu asubuhi.

Alikuwa anaosha ngumi ya kushoto. Anaisugua kwa sabuni, anaisuuza, anaisugua tena, bila haraka, kama mtu aliyezoea. Katikati ya vidole vilivyofumbwa ilikuwa inatiririka rangi ya kijani.