Muziki Uzime, Injini Iwake

Kila asubuhi Mama Pacha alikuwa wa kwanza kufika botini. Alikausha viti kwa kitambaa. Aligawa majaketi ya kuokolea. Kisha alisimama pale watu wanapopandia na kupokea tiketi. Mume wake, ambaye watu wote walimwita Nahodha, naye alikuwa na kazi yake ya kwanza. Aliwasha muziki.

"Bila muziki abiria wanapanda boti ya jirani," alisema. "Watu wanataka kuchangamka."

Redio ilikuwa mpya. Ilikuwa na spika nne, amplifaya, na sabufa kubwa iliyojaa chini ya kiti cha nyuma. Nahodha aliifunga mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Nyaya alizipeleka moja kwa moja kwenye betri. Betri yenyewe ilikuwa moja tu. Hiyohiyo iliwasha injini, iliwasha taa na kupiga honi. Sasa ikabebeshwa na muziki.

Boti ilivusha watu kwenda ng'ambo. Katikati ya maji palikuwa na njia ya meli za mizigo. Safari ilikuwa fupi, lakini kusubiri abiria kulichukua muda mrefu. Wakati wa kusubiri, Nahodha alizima injini ili asimalize mafuta. Muziki hakuuzima.

Asubuhi moja Mama Pacha hakuwa na amani. Jana yake injini ilikuwa imegoma gatini. Mwenye boti ya jirani ndiye aliyewasaidia, kwa kuunganisha nyaya kutoka kwenye betri yake. Juzi yake ilikuwa vilevile.

"Baba Pacha, hii betri inaumwa," alisema.

"Imechoka kidogo tu, kama mimi. Si inawaka?"

"Inawaka tukiwa gatini, tumezungukwa na watu. Ikigoma kule katikati je?"

"Mke wangu, unajitafutia presha bure."

Siku hiyo kulikuwa na ukungu mzito. Abiria wengi walikuwa watoto wa shule. Pacha wao, msichana na mvulana, walikaa mbele wameshikana mikono. Muziki ulikuwa umelia muda mrefu kabla ya safari. Injini ikakohoa, ikawaka kwa shida, wakaondoka.

Walipokaribia njia ya meli hawakuona kitu. Nahodha akafanya kama anavyofanya siku zote kwenye ukungu. Akazima muziki, akazima na injini, ili asikilize.

"Nyamazeni wote," alisema.

Wakanyamaza. Wakasikia mngurumo mzito. Meli ilikuwa inakuja, na ilikuwa inakuja upande wao.

"Tutoke hapa," Nahodha akasema. Akazungusha ufunguo.

Tak.

Akazungusha tena. Tak.

Ile ilikuwa injini ya dizeli, imefungwa ndani ya boti. Haikuwa ya kuvuta kamba. Nahodha akabonyeza honi. Ikalia kama mbuzi mgonjwa, ikakata. Taa ya juu ikafifia, ikazimika.

"Mama, tutagongwa?" aliuliza binti yake.

Mngurumo ulizidi, mpaka mbao za boti zikaanza kutetemeka. Mama Pacha aliinyakua ndoo ya bati, akaigonga kwa nguvu zake zote.

"Pigeni kelele!" alipaza sauti. "Wote! Pigeni kelele!"

Watoto wakapiga kelele. Wengine walikuwa wanalia tayari. Nahodha akachukua kasia. Lilikuwa moja tu, na kila alipopiga maji, boti ilizunguka badala ya kwenda mbele. Abiria mmoja akang'oa ubao wa kiti, akapiga maji upande wa pili. Hapo ndipo boti ikaanza kusogea, polepole mno.

Meli ikatokea kwenye ukungu, nyeusi, ndefu kwenda juu. Ilipita nyuma yao, karibu kiasi kwamba Mama Pacha aliona kutu kwenye mabati yake. Mawimbi yakainyanyua boti na kuiangusha. Maji yakaingia, watoto wakalowa. Kisha meli ikaenda zake. Pengine mabaharia wake hawakuwaona kabisa.

Mwenye boti ya jirani alisikia ndoo ikigongwa. Akaja akawavuta hadi gatini.

Nyumbani hapakukalika. Pacha wa kiume alikataa hata kuoga kwenye beseni.

"Watoto wangu hawapandi tena ile boti," alisema Mama Pacha. "Na mimi sipandi."

"Na shule iko ng'ambo."

"Basi shule itasubiri. Mimi sina watoto wa akiba."

Nahodha aliinama. Alijua mkewe hasemi kwa hasira. Alikuwa anaogopa, na yeye pia alikuwa anaogopa.

Siku ya pili akaja mdogo wake Mama Pacha. Alikuwa fundi umeme wa magari, na nyumba yake ilikuwa jirani na yao.

"Shemeji, hiyo redio naing'oa naitupa," Nahodha akamwambia.

"Usitupe, nipe mimi nikachezee harusi yangu," Fundi akasema. Hakucheka mtu. Fundi akaona utani haufai. "Haya, twendeni nikaione boti."

Mama Pacha alisimama gatini. Hakupanda. Fundi alipima betri kwa mita, akatikisa kichwa.

"Hii imekufa," alisema. "Betri ya kuwashia injini hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Haikutengenezwa kunyonywa taratibu kutwa nzima. Ukiimaliza mara kwa mara, inaharibika."

"Lakini injini si inaichaji nikiendesha?"

"Inaichaji, shemeji. Ila gatini unakula sahani nzima, njiani unarudisha kijiko kimoja."

Fundi akafunga betri mpya aliyokuja nayo. Redio ilikuwa imezimwa. Baada ya muda akasema, "Gusa amplifaya."

Nahodha akagusa. "Ina joto!"

"Umezima redio, yenyewe iko macho. Inakula umeme hata ukiwa umelala nyumbani. Na waya huu hauna fyuzi. Ukichunika ukagusa chuma, boti inashika moto."

Mama Pacha alisikia hayo kutoka gatini.

Fundi akaanza kazi. Kwanza alitoa waya wa hasi, ili asipige shoti. Aliiacha betri mpya ihudumie injini, taa na honi peke yake. Akaweka betri ya pili kwa ajili ya muziki, ile aina inayotumika na sola, maana inavumilia kutumika taratibu. Akaifunga ndani ya boksi isihame. Akaweka fyuzi karibu na betri, swichi ya kukata umeme wote wa muziki, na mita ndogo ya kuonyesha volti za betri hiyo. Mwisho akafunga kisanduku kidogo katikati ya betri hizo mbili.

"Huyu ni mlinzi wa geti," alieleza. "Injini ikiunguruma, betri ya injini inashiba kwanza. Halafu geti linafunguka, ya muziki nayo inapata chaji. Ukizima injini, geti linafungwa. Muziki hauwezi tena kuiba umeme wa injini."

"Maneno matamu," alisema Mama Pacha. "Mimi nataka kuona."

"Utaona, dada. Shemeji, washa muziki. Injini usiiguse. Tunauacha mpaka ufe wenyewe."

"Hautaharibu betri?"

"Haipendi. Ni leo tu, kwa ajili ya dada yangu. Siku nyingine mita ikishuka hadi volti kumi na mbili nukta mbili, zima muziki. Usingoje."

Muziki ukalia kutwa. Pacha walikuja kumfuata mama yao, wakasimama nyuma yake. Jua lilipoanza kushuka, sabufa ilinyamaza. Kisha sauti ya mwimbaji ikaanza kukatika. Kisha kimya.

Kilikuwa kimya kilekile cha kwenye ukungu. Mama Pacha alihisi mikono ya watoto ikishika nguo yake. Ndani ya boti, Nahodha alikuwa anautazama ufunguo. Alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Siwezi," alisema.

Mama Pacha akawatoa watoto mikono taratibu. Akapanda botini. Akashika ufunguo. Akafumba macho, akauzungusha.

Injini ikawaka mara ya kwanza, bila hata kukohoa.

Mama Pacha akakaa palepale chini, akalia kwa sauti. Hakujificha. Mumewe akakaa kando yake. Injini iliendelea kuunguruma. Kisha Mama Pacha akafuta uso, akageukia gati.

"Haya wanangu, njooni mpande," alisema. "Leo tunakwenda na kurudi tu. Kesho shule."